Dakika ya Mwisho ya Ujumbe kutoka Columbus

Dada yangu aliacha kujidunga sindano za sukari kwa sababu ya ujumbe wa sauti. Mchungaji mmoja wa Columbus, mtu wa kwetu, alimtumia maombi ya dakika tatu kwenye simu, na ndani yake akamwambia sukari imekwisha, aache dawa. Habari zilinifikia Louisville, ghalani ninakofunga maboksi. Niliomba ruhusa ya siku mbili nikaendesha gari mpaka Buffalo. Nilipopita Columbus nilitamani nimtafute huyo bwana nimzabe makofi. Sikusimama. Hasira zangu siku zote huishia kwenye usukani.

Dada nilimkuta nyumbani kwake, mtaa wa Black Rock, miguu imo ndani ya beseni la maji ya chumvi. Kidole gumba cha kulia kilikuwa cheusi. Niliibandua karatasi ya vipimo mlangoni mwa friji nikamsomea kwa sauti kali, utadhani mimi ndiye mkubwa. Alicheka.

"Bon, na kitambulisho yangu inasema nini? Nilizaliwa mwezi wa kwanza, tarehe moja. Ya kwako? Tarehe moja. Ya shemeji yako? Tarehe moja. Donc, mama zetu wote walizala siku moja?"

Kwenye kambi ya wakimbizi, asiyejua siku yake ya kuzaliwa aliandikiwa hiyo, na wengi wetu hatukuijua. Tulijifunza mapema kwamba karatasi ni ya kumpa ofisa, na ukweli utausikia kwa mtu anayemjua baba yako. Miaka yote nilikuwa nikiwaita watu wetu wajinga. Siku ile, mbele ya beseni, niliona haukuwa ujinga. Dada alikuwa amechoka kuogopa, na yule mtu alimpa ruhusa ya kuacha.

"Dada, huyo mchungaji ni mwongo," nilisema.

Alikausha mikono, akachukua simu, akaucheza ujumbe. Dakika mbili za sukari, kisha ile ya mwisho: mama yenu hakufa njiani, namwona amekaa karibu na maji, anawaombea.

Mama alitupotea tulipokimbia vita kutoka milimani kwetu. Hatukuona mwili, hatukuzika. Dada alikuwa amenitumia ujumbe ule na mimi, na tangu hapo nilikuwa nikiusikiliza kila mapumziko ya kazi. Ya sukari nilikuwa nayaruka.

"Ni kinywa kimoja," alisema, akinitazama usoni. "Kama anadanganya, anadanganya yote. Sema mama alikufaka, mdogo wangu. Sema tu, na mi nitajipiga sindano leo leo."

Hakuwa ananitania. Dawa ilikuwa palepale kwenye friji, hatua nne kutoka kwenye kiti chake. Nilifungua mdomo. Nikamuuliza kama kuna chai.

Aliguna, akaniambia niichemshe mwenyewe. Kesho yake nilirudi Louisville, maana ruhusa ilikuwa imekwisha.

Hospitalini walimkata mguu wa kulia, halafu wa kushoto, halafu tukamzika, ardhi ya Buffalo ikiwa ngumu kwa barafu. Watu wote msibani walisema mchungaji ndiye aliyemuua. Nami nilisema hivyohivyo, tena kwa sauti kuliko wote.

Ujumbe bado ninao. Jana, wakati wa mapumziko, nilisikiliza dakika ya mwisho mara mbili.