Mwalimu Verdell Apita Mbele

Sisi weusi wa ng'ambo ya reli tulimwambia Mwalimu Verdell Gaines aache, na wa kwanza kumwambia alikuwa mumewe, Lucius. Na Lucius si mwoga. Mtu aliyesukuma magogo kwenye msumeno wa kiwanda cha mbao miaka ishirini na bado ana vidole vyake kumi, huyo humwiti mwoga. Lakini jambo alilolitaka mkewe Septemba ile ya mwaka 1970, hapa Tansill, Alabama, lilimkausha mate.

Verdell alikuwa na desturi yake. Kila shule ikifunguliwa alizunguka nyumba kwa nyumba, akaketi jikoni kwa kila mwanafunzi wake na kumwambia, "Haya, nisomee chochote kilichomo humu ndani." Kwetu siku hiyo ilikuwa sikukuu. Mama anaoka keki, baba anavaa shati safi. Sasa mahakama ilikuwa imeamuru watoto weusi na wazungu wasome pamoja, shule yetu ikafungwa, naye akahamishiwa shule ya wazungu, darasa la nne. Watoto ishirini na sita, kumi na wanne wazungu. Akasema atawazungukia wote. Wote, jamani, na kwa mlango wa mbele!

Tansill mtu mweusi akienda kwa mzungu hupita nyuma, kwenye mlango wa jikoni. Haikuwa sheria ya kuandikwa, wala haikuhitaji kuandikwa. Mtoto wetu aliijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

"Andika barua, Verdell," mwalimu mkuu alimsihi. "Stallworth akilalamika mara moja tu, kazi huna, na mimi sina la kukusaidia."

Hoyt Stallworth alikuwa mwenye ghala la pamba na mjumbe wa bodi ya shule. Bintiye Darlene, wa miaka tisa, alisoma kwa Verdell, na mji mzima ulijua kwamba Jumatatu anamhamishia shule mpya ya kulipia, ile waliyoifungua wazungu ili watoto wao wasikae na wetu.

"Si umwache aende zake," Lucius alimwambia mkewe. "Mtoto wao, shule yao. Wewe kinakuwasha nini?"

"Hajui kusoma."

"Nani?"

"Darlene. Anawasikiliza wenzake, anashika kichwani, zamu yake ikifika anaghani. Miaka mitatu wamempandisha darasa na hakuna aliyeona. Akiondoka Jumatatu, ndiyo basi tena, atakua hivyo hivyo."

Lucius alikuna kichwa. Ukishaona mkeo anasema kweli, linalobaki ni kutafuta ufunguo wa gari.

Jumamosi mchana, jua la utosi, aliegesha pikapu mbele ya nyumba ya Stallworth na kuacha injini ikinguruma.

"Zima," Verdell alisema. "Unachoma mafuta bure."

Akashuka, akapanda ngazi za baraza, akabisha. Majirani walikuwa wameshatoka kwenye vibaraza vyao. Hoyt alifungua mlango, akabaki nyuma ya ule wa pili, wa wavu wa kuzuia mbu.

"Verdell. Mlango wenu unaujua uliko."

"Naujua, Bwana Stallworth. Nimeupita utoto wangu wote nikimletea mama yako nguo alizofua mama yangu. Leo sijaleta nguo. Nimekuja kama mwalimu wa Darlene."

"Basi utasimama hapo mpaka uchoke."

"Nitasimama."

Mlango ukafungwa. Verdell akasimama. Dakika kumi, ishirini, arobaini. Hakuegemea nguzo, hakujipepea, hakugeuka hata pale mtu mmoja alipopiga mluzi kutoka ng'ambo ya barabara. Lucius alimtazama mgongo tu, umenyooka. Alikuwa amekula meza moja na mwanamke huyu miaka ishirini na mbili, akabishana naye juu ya chumvi na bili ya umeme, na leo alimwona kana kwamba hajawahi kumwona. Alitaka kuvua kofia. Akaivua kweli, peke yake mle garini.

Mwishowe Hoyt akafungua tena, safari hii bintiye ubavuni, na Biblia kubwa ya nyumbani mikononi mwa mtoto.

"Mnasema mnafundisha," Hoyt alisema kwa sauti ya kusikiwa na majirani. "Darlene, msomee huyu ajue kwamba humhitaji."

Mtoto akaifungua, akaanza. Zaburi ya ishirini na tatu, yote, neno kwa neno, bila kukwama, na kidole chake kikitembea juu ya mistari. Hoyt alitabasamu. Lucius akafikiri, sasa. Mwambie afungue ukurasa mwingine, umalize kazi. Neno moja tu na yule bwana ataaibika mbele ya mtaa mzima.

Verdell hakulisema. Aliinama kidogo na kusema, "Umeisema vizuri sana, Darlene. Asante." Basi.

Mtoto alimtazama. Akaifunga Biblia.

"Baba," akasema, "sijui kusoma. Hii naikumbuka tu kanisani. Mwalimu anajua. Angeweza kukwambia."

Hoyt alimwangalia bintiye, akaiangalia Biblia, akawaangalia majirani. Uso wote ulimshuka. Mkono wake ukaufikia mlango wa wavu, ukausukuma, ukaushikilia wazi.

"Itachukua muda gani?" aliuliza chini chini.

"Ukimwacha kwangu, kabla ya Pasaka atakuwa anasoma."

"Ingia basi, Verdell. Ingia tuzungumze."

Akaingia. Alipotoka, ilikuwa imekubaliwa: Jumatatu mtoto haendi popote. Lucius alimfungulia mlango wa gari, jambo alilolisahau tangu mwaka wa harusi.

"Amekuita Verdell mpaka mwisho, hata 'Mwalimu' hakutamka," alisema.

"Nimesikia. Yeye sikuja kumfundisha leo."

Lucius alicheka, akanyoosha mkono kuushika wa mkewe, na kicheko kikakatika. Ulikuwa baridi kama maji ya kisima, na ulitetemeka hata bangili ikawa inalia. Akageuka kumtazama. Verdell alikuwa amefumba macho.

"Endesha polepole, mume wangu," alisema. "Tangu asubuhi magoti sina."