Aliyeitika kwa Sauti Yangu

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, kijijini kwetu Misima bado giza totoro. Najua mtasema nilikuwa na usingizi. Nilikuwa nimebanwa na mkojo, na mtu aliyebanwa hasinzii. Haya niliyaona kwa macho yangu.

Tulikuwa tumejibanza kwenye kibanda cha kuuzia mahindi, mimi na watoto wadogo wa jirani, tunasubiri basi la shule. Kabla ya basi hilo kuanza kuja tulikwenda kwa miguu kupitia korongoni, na mvua ikinyesha, shule ndiyo basi tena. Sasa tulikuwa karibu kulikosa.

Kwa nini? Kwetu, ukiitwa gizani huitiki mpaka mara ya tatu. Bibi anasema kisicho binadamu huita mara mbili tu. Lakini dada Rehema, matroni wa basi, ni mtu wa Korogwe mjini. Huchungulia mlangoni, huita mara mbili, akisikia kimya hugonga bati: "Twende!" Wiki iliyopita tulishaachwa hivyo, na Jumatatu tena. Jioni yake dereva akanikuta njiani.

"Wewe ndiye mkubwa wao, sivyo? Mkilala tena kesho, kona hii siingii. Nakanyaga matope kumfuata nani?"

Nilitaka kumweleza. Unajua nilisema nini? "Shikamoo." Basi.

Jumanne hiyo likaja. Dada Rehema akaita jina langu. Kimya. Akaita tena. Nikajilazimisha niitike, ulimi ukagoma. Mkono wake nikauona unainuka kugonga bati.

Ndipo kando yangu, mahali palipokuwa patupu, sauti yangu ikaitika: "Abee!"

Niamini, sauti yangu kabisa. Nikageuka. Msichana wa rika langu, sare imefifia, maji yanamchuruzika kwenye pindo la sketi, na usiku ule mvua haikunyesha hata tone.

"Panda," akasema. "Sisi hakuna aliyekuja kutuita."

Miguu ilinipeleka yenyewe. Akaketi kando yangu, dirishani. Tulipovuka daraja la korongo akacheka taratibu, kama mtu aliyetua mzigo. Kutazama tena, siti tupu, imelowa chapachapa.

"We binti, umemwaga maji, au ndiyo mambo mengine?" dada Rehema akauliza. Basi zima likacheka.

Jioni nilimsimulia bibi. Aliuliza jambo moja tu: "Alivuka?"

"Alivuka, bibi."

Akajifunika uso kwa kanga. "Alhamdulillahi. Mama yake alimngoja sana, tangu korongo lilipomchukua na wenzake wakienda shule."

Tangu siku ile sauti yangu ina mkwaruzo. Zahanati wanasema mafua. Mafua gani ya mwaka mzima? Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiitwa na anayekutakia heri, itika mwenyewe. Ukikawia ataitika mwingine, na sauti hairudi kama ilivyoondoka.

Jumatano yake asubuhi sikungoja kuitwa. Niliwashika wadogo mikono, tukasimama barabarani mpaka taa zikatumulika. Nikamweleza dada Rehema desturi yetu yote, mbele ya basi zima.

"Kumbe siku zote mlikuwepo?"

"Tulikuwepo, dada. Ita mara tatu."

Dereva akapiga honi. "Pandeni basi, mtahubiri njiani!"

Nikawainua wadogo mlangoni, nikapanda.