Theluji Ukutani kwa Benedicte

Rangi nyeupe ya makopo aliyopakata ilikuwa imemvujia Blasio, mchoraji wa kuta, magotini bodaboda ilipoingia Bwera, mji wa mpakani ambao hakuwahi kuukanyaga. Akaulizia hoteli ya Benedicte, mama wa Kikongo anayeuza samaki na soda.

"Nataka baridi kwa ukuta," Benedicte alimwambia, akimpa kalenda kuukuu yenye nyumba ya Ulaya katikati ya theluji. "Mutu akiangalia, ajue soda yangu iko baridi."

Blasio hakuihitaji kalenda. Alikuwa mpagazi wa wapanda mlima kule Nyakalengija mpaka baridi ya kilele cha Rwenzori ilipomla vidole vya mguu. Siku hiyohiyo mdogo wake, Thembo, alianguka njiani, na kiongozi wa safari akaamuru mizigo ya wageni ishushwe kwanza. Waliporudi, theluji ilikuwa imemfunika, hawakumpata tena. Nyumbani walizika gogo la mgomba badala yake, kama walivyozoea kwa asiyepatikana. Mama yao hakuridhika. "Nionyeshe alipolala," alimwambia Blasio kila mara. Blasio akamwahidi: nitapachora, uje utazame.

Basi akapachora. Theluji yake ilikuwa na ubuluu kivulini, na walaji walipoitazama walipunguza sauti bila kujua. Chini ya mwamba akaweka kitu cheusi, kidogo, kilichojikunja.

"Na ile nyeusi iko nini?" Benedicte akauliza.

"Mtu."

"Anafanya nini mule?"

"Amelala."

"Amelewa huyo!" Drani, askari wa kambi ya jirani, alisema mdomo umejaa samaki. Akaukaripia ukuta: "Wewe! Simama! Kaza mguu!"

Hoteli nzima ikacheka.

"Ni mdogo wangu," Blasio akasema.

Kicheko kikakatika. Benedicte akafanya ishara ya msalaba. "Pole, baba. Lakini nani atakula mbele ya maiti? Funika. Weka mutoto anacheza."

"Mama yangu anakuja kumwona."

"Aende kwa kaburi."

"Kaburini hayumo."

"Hata hapa hayuko. Funika, ao nipige chokaa ukuta yote."

"Nitamfunika mwenyewe."

Alianza miguuni, polepole, kama anayemvutia mtoto shuka. Kichwani brashi ikasita.

"Maliza, fundi!" Drani akasema. "Tunasikia baridi!"

Akamaliza.

"Sasa iko muzuri," Benedicte akasema.

Blasio alikuwa akifunga makopo simu ilipolia. "Nije siku ya soko?" mama yake akauliza.

"Usije, mama. Theluji imeanguka tena."

Akatoka akichechemea, makopo mkononi. Nyuma yake Drani aligonga meza kwa chupa tupu.

"Mama, ongeza soda. Ile ya baridi."