Anatafutwa Fundi Funguo

Mji ule ulikuwa na redio, magazeti na simu kama miji mingine, lakini habari ya mtaa haikuwa habari mpaka Mama Tangazo aipitishe. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushee, mfupi, mwenye miguu ya chuma. Kila asubuhi alipanda baiskeli ya marehemu mumewe, kipaza sauti kimefungwa kwenye usukani kwa mpira wa tairi, betri ikiwa kwenye kikapu cha nyuma, akazunguka kona kumi na nne kuanzia barabara ya lami hadi kwenye nyumba za mwisho zenye mabati mapya. Maji yatakatika. Chanjo ya watoto ni kesho. Mzee fulani amefariki, mazishi saa kumi. Kila tangazo alilisema mara tatu, kisha akakanyaga pedali, huyo akaenda zake.

Sauti yake ilijulikana kwa mluzi. Kila penye "s" palitoka mluzi mwembamba, kwa kuwa jino lake moja la mbele halikuwepo. Lilitoka kwa ngumi ya mumewe, miaka mingi iliyopita, na siku hiyo ngumi ilikuwa utangulizi tu. Mume alikwenda jikoni akarudi na mchi. Aliyeingia katikati ni mdogo wake mume, kijana aliyekuwa anajifunza kuchonga funguo, na pigo lililokuwa liende kichwani kwa mke likamshukia yeye kwenye mkono wa kushoto. Vidole viwili havikunyooka tena. "Kaka, ukimgusa tena shemeji yangu, utanizika mimi kwanza," alisema huku mkono unaning'inia. Kaka hakumgusa tena mpaka alipokufa kwa maradhi yake mwenyewe. Tangu hapo Mama Tangazo alikuwa akisema kwamba ana ndugu wengi, ila mtu ni mmoja.

Sasa, mama huyu alikuwa na ubishi wake. Aliamini watu wana maneno mengi mno. Mtu angemletea karatasi yenye mistari ishirini, naye anachomoa kalamu kwenye kilemba na kuanza kufyeka. "Mtu anakaanga, anafua, anagombana na mumewe," alikuwa akiwaambia. "Mpe maneno sita. La saba litasikiwa na jirani." Watu walinung'unika, lakini matangazo yake yalifika, na yeye alijivunia ufyekaji ule kama fundi cherehani anavyojivunia mkasi.

Mwezi huo mji ulikuwa umevurugika. Nyumba tatu ziliibiwa ndani ya siku kumi, na hakuna mlango uliovunjwa. Vitasa vilifunguliwa kwa ufunguo, taratibu, kama mwenye nyumba anavyorudi kwake. Nyumba ya tatu ilikuwa na mlinzi. Walimfunga kwa kamba kwenye nguzo ya tangi la maji, wakamkatakata kwa mapanga, na majirani walipofika walimkuta bado anapumua. Hakufika hospitali. Mama Tangazo ndiye aliyetangaza mazishi yake, na kwenye kona ya tano sauti ilimkatika akalazimika kuanza upya.

Baada ya mazishi, watu walibadilika. Mwenye bucha alianza kutembea na bomba la chuma. Mwenye duka la rangi aliweka panga chini ya kaunta, penye mizani. Kila penye watu wawili mazungumzo yalikuwa yale yale: ufunguo malaya, ule unaofungua kila mlango, nani anao, nani anauchonga. Mtu akipita asiyefahamika, anaangaliwa mpaka apotee kwenye kona. Mji mzima ulikuwa umekunja ngumi na haujui pa kuishusha.

Alhamisi hiyo asubuhi matangazo yalikuwa mawili tu.

La kwanza lililetwa na baba mmoja mgeni, mwembamba, aliyehamia nyumba za mwisho hata miezi miwili hajamaliza. Mkononi alikuwa ameshika kipande cha kamba ya bluu.

"Mama, shikamoo. Mbuzi wangu kakata kamba usiku. Mweusi, ana doa jeupe hapa. Kipande kingine cha kamba anacho shingoni. Wiki iliyopita nilimkuta nyuma ya lile godauni bovu anakula majani, kwa hiyo nitaanzia huko, lakini mtu akimwona..."

"Marahaba. Baba, baba! Unanipa hadithi nzima," Mama Tangazo alimkatiza, kalamu imeshatoka kilembani. Akaandika: *Amepotea mbuzi mweusi, kamba ya bluu.* Akahesabu kwa kidole. "Sita. Nenda katafute, nami nakutafutia."

Baba yule akacheka, akazungusha kamba yake mkononi, akaondoka.

La pili lilikuwa la mwalimu mkuu wa shule ya msingi, aliyekuja mbio huku tai imemkaa upande. Kabati la mitihani lilikuwa limegoma kufunguka, ufunguo umevunjikia ndani, na watoto walikuwa wameshakaa kwenye madawati. "Nimepita kwa shemeji yako pale kwenye mwavuli wake, mbele ya duka la dawa. Hayupo, na simu yake haipatikani."

"Atakuwa kwa watu, mwalimu. Siku hizi nani habadilishi kitasa? Usijali, popote alipo ataisikia sauti yangu."

Mwalimu alikuwa ameandika vizuri, kwa herufi za kiualimu: *Anatafutwa fundi wa funguo ili aje shuleni kufungua kabati la mitihani. Atakayemwona tafadhali amwelekeze shuleni haraka.* Mama Tangazo alifyeka. Kabati halimhusu mtu. Tafadhali ni upotevu wa pumzi. Shule nayo akaifuta, maana shemeji akisikia atamfuata yeye mwenyewe amuulize. Yakabaki sita, safi kabisa, akajisikia vizuri.

"Anatafutwa fundi funguo! Atakayemwona amlete haraka!"

Mara tatu kwenye kona ya kwanza. Mara tatu kwenye ya pili. Kwenye ya sita aliona mwenye duka la rangi anateremsha mlango wake wa bati saa nne asubuhi, akashangaa. Kwenye ya nane wanaume kama saba walimpita wakikimbia, mmoja ameshika mpini wa jembe, akajisemea moyoni kwamba leo watu wamekuwa na moyo wa kusaidia. Namhurumia kila nikifika hapa. Alikuwa anapiga kelele kwa nguvu zake zote, na kila neno lake lilikuwa linaongeza mtu mmoja kwenye lile kundi.

Kwenye kona ya kumi na moja mke wa mwenye bucha alimpungia mkono kutoka barazani. "Ahsante, mama! Wamempata akirudi kwenye mwavuli wake! Kumbe ndiye anayewachongea wezi! Wanamshughulikia pale pale kwenye duka la dawa!"

Mama Tangazo alikaa juu ya baiskeli, mguu mmoja chini. Neno lake mwenyewe lilimrudia masikioni na safari hii alilisikia kama walivyolisikia wao. Anatafutwa. Fundi hutafutwa, na muuaji naye hutafutwa. Aligeuza baiskeli, akakanyaga mpaka mnyororo ukalia.

Hakuweza kumwona shemeji. Aliona migongo. Akatupa baiskeli, akachomoa kipaza sauti na kikapu cha betri, akapenya kwa kiwiko mpaka mbele. Mwavuli ulikuwa umevunjwa, na funguo mia kadhaa zilikuwa zimetapakaa chini zikikanyagwa. Shemeji alikuwa amelala kifudifudi. Mtu alikuwa ameinua mashine yake ya kuchongea, ile ya chuma, akaidondosha kwenye goti lake, na goti likaitika kwa sauti ambayo Mama Tangazo hataisahau. Mwenye bucha alishusha bomba begani. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alikuwa anampiga teke la mbavu, tena na tena, huku analia na kulitaja jina la mlinzi. Kutoka upande wa gereji tairi lilikuwa linakuja likibingirishwa, na nyuma yake dumu la petroli.

"Mwacheni!" Mama Tangazo alipiga kelele kwenye kipaza sauti. "Jamani, ni shule inayomtafuta! Kabati! Nimekosea mimi!"

"Ni shemeji yako, lazima umtetee!" alijibu mwenye bucha bila kugeuka, na bomba likashuka tena.

"Mtoeni huyo mama!"

Mkono ukamshika shingoni, ukamsukuma. Akaangukia magoti kwenye funguo. Shemeji alikuwa amegeuza uso, jicho moja limezibwa na damu, la pili linamtazama yeye. Tairi lilikuwa limefika. Walilinyanyua.

Ukweli ulikuwa umekataliwa, na hapakuwa na muda wa kuusema mara tatu. Mama Tangazo akasimama. Akafunga mdomo, akavuta pumzi kama avutavyo kila asubuhi, na sauti iliyotoka haikuwa ya kuomba. Ilikuwa ile ya kazini, ya maji na chanjo na mazishi, ambayo mji ule haujawahi kuitilia shaka.

"Muuaji wa mlinzi ameonekana nyuma ya godauni!"

Mikono ikasita.

"Muuaji wa mlinzi ameonekana nyuma ya godauni! Muuaji wa mlinzi ameonekana nyuma ya godauni!"

Alilichagua godauni kwa sababu lilikuwa limefungwa miaka sita, hakuna kitu kule ila nyasi na vioo vilivyovunjika. Alitaka waende mbali, wachoke, wakute upepo. Kundi likapasuka, likakimbia lote kuelekea kule, pamoja na bomba, mpini na dumu. Tairi lilibaki limelala barabarani.

Muuza dawa, aliyekuwa amejifungia ndani, ndipo alipotoka. Walimpakia shemeji kwenye mkokoteni. Taya lilikuwa limevunjika na maneno yalikuja yamechanganyika na damu, lakini Mama Tangazo aliinama akayapata.

"Shemeji... nilikuwa nakuja. Nilisikia unanitangaza, nikawa nakuja."

Alilia njia nzima mpaka zahanati, bila aibu, huku anasukuma. Saa saba mganga alitoka akasema mgonjwa ataishi. Goti basi tena, jicho watajaribu, lakini ataishi. Mama Tangazo alikaa kwenye benchi la ukutani, gauni limekauka damu, akapiga paja kwa furaha. Alicheka peke yake. Alisema uongo mmoja maishani, akajiambia, na angalau ulikuwa na faida.

Saa tisa mwenyekiti wa mtaa alimfuata pale benchini na karatasi mkononi.

"Pole na mgonjwa, mama. Tumelisikia la shule, mwalimu amekuja kulia ofisini. Ni aibu. Lakini uliwaelekeza vizuri baadaye, walimkuta kweli huko godauni."

"Walimkuta nani?"

"Mwenyewe. Alikuwa anainamainama majanini. Na kamba anayo, ya kufungia watu. Alipoulizwa ya nini, akababaika, anasema mbuzi, mbuzi. Hawakumbakisha. Polisi wanataka ndugu waje wamtambue, maana uso wenyewe hautazamiki." Akamnyooshea karatasi. "Ifupishe unavyojua."

Mama Tangazo aliisoma. *Mwanamume asiyefahamika amekutwa amefariki nyuma ya godauni. Mkononi ana kipande cha kamba ya bluu. Wanatafutwa ndugu zake.* Aliisoma mara tatu. Mkono ulikwenda kilembani penye kalamu, ukabaki huko huko. Alilikumbuka kila neno alilolifyeka asubuhi: wiki iliyopita, nyuma ya godauni, nitaanzia huko.

"Hili silitangazi," alisema.

"Mama, ndugu zake watajuaje?"

"Nyumbani kwake napajua."

Alikwenda kwa miguu. Baiskeli ilikuwa bado imelala mbele ya duka la dawa, na kipaza sauti alikiacha chini ya benchi. Kwenye kila kona watu walimsalimia, wengine walimpongeza, naye akazidi kutembea. Akajaribu kuyapanga maneno. Mumeo amefariki. Mumeo ameuawa. Nimemuua mumeo. Hakuna lililofika sita na yote yalikuwa mengi mno.

Nyumba ya mwisho kabisa ilikuwa na mlango wa bati ulio wazi. Uani mwanamke kijana alikuwa anaanua nguo, tumbo lake la mimba limeshuka, na alipomwona mgeni uso ulimchangamka. Miguuni kwake alikuwa amefungwa mbuzi mweusi mwenye doa jeupe, anatafuna.

"Mama Tangazo! Karibu, shikamoo! Yaani nilikuwa nasema nikufuate. Huyu hapa, karudi mwenyewe saa tano, hana hata habari." Akampiga mbuzi kofi dogo la mgongoni, akacheka. "Tabu ni baba yake. Yuko huko anamtafuta tangu asubuhi, hata chai hakunywa. Nitangazie basi, mama, neno moja tu. Mwambie mbuzi amepatikana, arudi."