Ringi Ndogo, Breki Kubwa

Tangu uhuru sijaona gari zuri kama lile la spoti lililosimama juzi dukani kwangu Karatu. Breki zake zilikuwa pana kama sinia la pilau! Mwenyewe, Bwana Yakobo, alitaka ringi ndogo zenye matairi manene ya matope, awahi harusi ya dada yake Ngorongoro. Nikahesabu matundu ya ringi zangu mara mbili, yakalingana na boliti. Upana wa breki sikupima. Ringi zilipogoma, nikazigonga kwa nyundo mpaka zikaingia.

“Breki hizi, bwana, zinasimamisha hata tembo!” nikajisifu mbele ya watu.

Bwana Yakobo akaingia garini, akakanyaga mafuta. Gari likanguruma, lisisogee. Ringi zilikuwa zimezibana breki.

“Kweli, fundi,” akasema. “Zimesimamisha hata harusi.”