Mashindano ya roboti ya kukaa foleni ya sukari Kariakoo, enzi za Ujamaa

Wakuu, heshima kwenu. Haya niliyaona kwa macho yangu, na mashahidi wengine bado wapo hai. Wanisute nikiongeza chumvi.

Enzi zile nilirudi kutoka Ulaya na diploma ya umeme. Mimi, mtoto wa muuza machungwa wa Msimbazi, sikubebwa na mtu. Nikapewa kufundisha chuo cha ufundi hapo mjini.

Darasa tupu. Wanafunzi wako kwenye foleni za sukari kwa niaba ya nyumba zao.

Mkuu wa chuo akaniambia, hali ikiwa hivi hadi mwisho wa muhula, karakana yako inakuwa stoo.

Kwa mtu mwenye akili kama zangu, jibu lilikuwa jepesi. Nikatangaza mashindano: undeni mashine ya kukaa foleni badala yenu.

(Kwa mliozaliwa juzi: zamani uliweka jiwe kwenye foleni, likakushikia nafasi. Watu waliliheshimu. Kasoro yake, halisogei.)

Karakana ikajaa. Ngonyani, kijana wa Songea aliyesifika kwa kusinzia, akaibuka na sanduku lenye magurudumu, mota ya waipa ya gari, betri ya pikipiki na waya mbele. Waya ukigusa kitu, sanduku linasimama. Mbele kukiwa peupe, linasogea.

Tukalijaribu kwenye foleni ya duka la ushirika, mkuu wa chuo akiwa jaji. Mbele ya sanduku alisimama Mama Massawe, muuza vitumbua.

"Mwalimu, na hili linakula sukari?"

"Hilo ni jiwe la kisasa, mama."

"Likinigusa tena kisigino nitalipiga teke la kisasa."

Likaenda vizuri sana. Kisha Mama Massawe akamwona shoga yake, akatoka kumsalimia. Mnajua salamu zetu: nyumbani, watoto, wagonjwa, mpaka kuku.

Sanduku likaona peupe. Likajaza nafasi.

Mama kurudi, "Nani kakaa hapa?"

"Jiwe," foleni ikajibu.

"Tangu lini jiwe likampita mtu?"

"Tangu leo. Wewe si umetoka?"

Wakamgeukia jaji. Mkuu wa chuo akajikuna kichwa, akaamua: "Mama, aliyekuwepo ni sanduku."

Nikajua karakana imepona.

Asubuhi Mama Massawe akatokea chuoni. Nikajificha nyuma ya mlango, diploma na yote. Kumbe kamshika binti yake mkono.

"Huyu naye mfundisheni. Ila la kwake lijue kumsubiri anayesalimia."

Nilichojifunza, vijana wale hawakuwa wavivu. Walikosa kitu cha kushika mikononi.

Wakuu mliopitia vyuo vya ufundi, nyie mliunda nini? Wapinzani nao karibuni, ila pangeni foleni.