Mrija Ulioondoka na Kicheko Changu

Niliwahi kuamini, na ningeapa mbele ya hakimu yeyote, kwamba mtu wa Melankoli akinywa kwa mrija wako anaondoka na tabia yako, na wewe unabaki na ya kwake. Habari hiyo aliileta fundi cherehani tuliyesoma naye shule ya jioni pale Kasulu, na aliieleza kama mtu aliyeziona tabia zikipita ndani ya mrija kwa macho yake.

Mwalimu wetu ndiye aliyeanzisha. Jioni moja aliandika ubaoni aina nne za watu: Sanguini mchangamfu, Koleri mbabe, Flegmatiki mtulivu, Melankoli mwenye huzuni na mawazo mengi. Darasa likalipuka. Wiki iliyofuata hakuna aliyeitwa tena kwa jina lake. Muuza chapati akawa Koleri. Mwalimu mwenyewe tukampa Flegmatiki. Mimi nikapita Sanguini bila kupingwa, maana nikicheka Kasulu, kuku wa Buhigwe wanaacha kudonoa. Na rafiki yangu, niliyekaa naye benchi moja miaka miwili, akawa Melankoli. Hakubisha. Unamsimulia kichekesho cha kuangusha ng'ombe, anakuangalia tu kama anayesubiri basi.

Tulipofaulu mtihani, shangazi yake wa Kibondo alitupikia pombe ya mtama. Chungu katikati, kila mtu na mrija wake; kwetu mrija ni kama mswaki, hauazimwi. Rafiki yangu alikuwa mikono mitupu. Nikampa wangu. Tulipomaliza, shangazi aliufuta akauchomeka kwenye paa, juu ya mlango, nami nikausahau. Rafiki akabaki kwa shangazi yake, mimi nikarudi Kasulu.

Fundi aliposikia alishika kichwa. "Umempa mrija? Melankoli? Kaka, umekwisha. Pole sana."

Nikacheka. Lakini kicheko kilitoka chembamba, kama cha mtu aliye chumba cha pili. Tangu siku hiyo nikawa najisikiliza. Nikisimulia, maneno yananiishia njiani. Asubuhi ukungu ukishuka kwenye mikaratusi nasimama mlangoni naangalia tu, kwa macho yale yale ya kusubiri basi. Kinyozi akaniuliza, "Kaka, umefiwa?" Kwenye kioo chake uso ulikuwa wangu, ila umetulia kama wa rafiki yangu.

Nikampigia simu. "Sema, mfalme wa maharage!" akapokea.

Hayo ni maneno yangu. Kuanzia Kasulu mpaka mpakani hakuna mwingine anayepokea simu hivyo. Nikakata.

Nikapanda gari la alfajiri kwenda Kibondo kudai mrija wangu. Nilikuta ukungu umelala kwenye migomba, nyumba ya shangazi siioni. Niliisikia. Ndani ya ule weupe mtu alikuwa anacheka kicheko changu: kinaanzia tumboni, kinapanda kwa kurukaruka, kinamalizika na kofi la paja. Nilijishika mdomo kuhakikisha si mimi. Vinyweleo vilisimama mpaka vya vidole vya miguu.

Shangazi alikuwa uani, anapepeta maharage.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unatetemeka?"

"Nimefuata mrija wangu."

"Ule pale." Akaonyesha paa kwa kidevu. "Mrija ndio umekutoa Kasulu?"

Nikamweleza yote: ubao, fundi, kinyozi, simu. Ndani kicheko kiliendelea, na kila kilipopanda mimi nilishusha sauti. Shangazi alipepeta mpaka nikamaliza, kisha akaweka ungo chini.

"Mwenzako alifiwa na mkewe. Hakukwambia?"

"Hapana."

"Ikifika jioni nyumba ilikuwa inamshinda kwa ukimya. Ndiyo maana akaanza hiyo shule yenu. Sasa ana nafuu kidogo. Na wewe hujaibiwa kitu, umejitisha mwenyewe."

"Na kicheko je, shangazi? Kile ni changu!"

"Miaka miwili mmekaa benchi moja," akasema, akiuchukua tena ungo wake. "Ulitaka acheke kama nani?"